Mwokaji Amezaliwa

Kanda yenyewe ililiwa na redio ya mjomba Obedi
zamani, mwaka ule pareto ilipokosa bei.
Tuliuvuta utepe kwa kalamu, ukatoka kama utumbo wa kuku,
tukaufunga shambani kutishia ndege.
Lililobaki ni jalada:
karatasi ya mikunjo mitatu, ndogo kuliko kiganja,
na ndani yake kwaya nzima ya Bulongwa,
watu ishirini na mmoja, kama njiti kwenye kiberiti.

Nianze na theluji.
Ambakisye mpiga picha, pale Mwanjelwa,
alikuwa na pazia moja tu la nyuma:
misonobari ya ng'ambo, nyumba ya magogo,
theluji hadi dirishani.
Maharusi nao aliwapigia hapohapo.
Basi wakasimama mbele yake watu wa Makete,
ambao mwezi wa sita huamka ndoo ina ngozi ya barafu
na majani huvunjika chini ya nyayo kama ukoko,
wakaambiwa: "Jifanyeni mnasikia baridi."
Mzee Luvanda wa besi akauliza,
"Tujifanye, au tuendelee?"

Baba Krismasi ni Tulizo Sanga, mweka hazina.
Joho lake ni pazia la ofisi ya ushirika,
pete za kuning'inizia bado zipo mabegani.
Ndevu ni sufi ya kondoo wa Kitulo,
haikufuliwa.
Tazama wanawake wa sauti ya kwanza,
wote pua zimeelekea kushoto.

Na wale wanyama wa kuvuta kigari cha zawadi
ni mbuzi wawili wa mama mwenye nyumba ya wageni,
wamefungwa matawi ya mparachichi vichwani.
Jalada limewanasa katikati ya kazi:
kila mmoja anakula pembe za mwenzake.

Mama yangu ni wa tatu, safu ya pili.
Amefumba macho.
Picha zilipigwa mbili. Katika ile nyingine amefumbua,
lakini mchungaji anapiga chafya,
na kamati ikaona afadhali mwimbaji asinzie.
"Nilikuwa naomba," hujitetea hadi leo.
Kwa tabasamu lile, mama?
"Mungu hapendi walionuna."

Sasa maandishi.
Kijana wa kompyuta aliyachapa usiku, umeme ukija na kwenda,
herufi za dhahabu, kila moja na kofia yake ya theluji:
MWOKAJI AMEZALIWA.
Nakala mia tano.
Hakuna aliyeliona neno hadi basi lilipofika Isyonje,
watu wanagombea viazi dirishani,
Vumilia akalisoma kwa sauti, kisha akalisoma tena,
kisha akaliweka jalada kifudifudi mapajani
kama mtu aliyepokea barua ya msiba.
Kimya. Mtu akarudisha viazi.
Tulizo akaanza kuhesabu hasara kwa vidole,
akaishiwa vidole.

Mchungaji Mahenge akasafisha miwani.
"Bethlehemu," akasema, "tafsiri yake ni nyumba ya mkate.
Na nyumba ya mkate isiyo na mwokaji
ni nyumba gani?
Uzeni."

Zikauzwa. Mwenye tanuri mmoja wa Njombe
alichukua arobaini,
akabandika majalada ukutani juu ya magunia ya unga.
Kanda zenyewe, wanasema, hakuzisikiliza hata moja.

Nyimbo sizikumbuki zote. Ya tatu upande wa pili
ilikuwa na mstari kuhusu nyota, au nyasi;
redio iliumeza nikiwa bado mdogo.
Ila kila Desemba, mvua ikipiga bati,
mama hutoa jalada katikati ya Biblia,
hulisogeza kwenye taa,
huwataja mmoja mmoja, huyu, na huyu,
kuna majina huyapita haraka,
halafu hufika kwa mbuzi
na hapo hapati tena pumzi ya kuendelea.

Hulikunja kwa mikunjo ileile.
Mmoja unapita juu ya Baba Krismasi,
kila mwaka unamla kidogo.
Amebaki ndevu
na pete nne za pazia.